Kichupa cha Thelathini na Moja

Alikuja Februari, skafu imempanda hadi midomoni.
Nikadhani ni baridi; Kayseri majira yale hata mate huganda.
Akaketi, akakunja mkono wa sweta,
skafu hakuigusa.
Namba? Thelathini na moja.
Umri? Kumi na tisa.
Mara ya mwisho kuingia mwezini?
Akatazama dirishani, Mlima Erciyes
umejigubika theluji, moto wake wa kale chini kwa chini.
"Tulipokuwa tunaanika aprikoti," akasema.
Yaani Julai.

Jina lake Mehtap. Kwao maana yake mbalamwezi.
Nikacheka moyoni, kisha nikajionea haya:
Mbalamwezi asiyeuona mwezi.

Mimi si daktari, mimi ni mtoa damu.
Naijua mishipa: mvivu, mwoga,
na ule unaokimbia sindano kama kuku ajuaye kesho ni sikukuu.
Wasichana sabini na wawili walipita mikononi mwangu,
wote wa ovari zenye vifuko vingi,
na Daktari Nezihe akitafuta katika damu yao kitu kisichopigwa picha:
mwako.
Si ule wa jipu, unaouma ukaujua.
Si wa koo, unaoukandia chai ya ndimu ukaisha.
Huu ni kaa chini ya jivu.
Haupandishi homa, haufuki moshi,
unakula kuta za mishipa taratibu
huku msichana anasoma, anacheka, anacheza harusini kwa dada yake.
Kikulacho ki nguoni mwako, walisema.
Hiki kimeshavuka nguo.

Kwenye picha vifuko vilijipanga pembezoni
kama manti za bibi yake, zile ndogo
ambazo arobaini sharti zienee kijiko kimoja
ndipo bibi harusi asifiwe.
Bibi ameshasema: mwozesheni, yatakwisha.
Shangazi amesema: apunguze mkate.
Mwanamke wa uzi, mtaa wa chini, hasemi neno;
kila Alhamisi anang'oa ndevu, anapokea hela.

Wengine walipewa metformini,
kidonge kinene kinachovuruga tumbo, mtu akashinda chooni.
Yeye alipewa vya homoni, ishirini na kimoja kwa pakiti.
Akavificha ndani ya soksi,
mama asije akauliza
anapanga uzazi na nani.

Agosti akarudi. Skafu nyepesi, ya shingoni tu.
Kidevu chake nikakiona kwa mara ya kwanza: kina kishimo.
Sijamfunga mpira, akaniinamia sikioni:
"Una pedi?"
Nikampa mbili.
Akatoka chooni anatembea kama aliyefaulu mtihani.

Mashine haijui kupongeza.
Februari ilisema tatu nukta mbili.
Agosti, nne nukta tisa.
Nikasafisha, nikarudia. Nne nukta tisa.
Mwezi umeandama,
na moto umeongezewa kuni.

Daktari Nezihe alivua miwani, akaivaa tena.
"Dawa imejibu tulichoiuliza," akasema.
"Hili hatukuliuliza."
Akaandika: abadilishiwe, tupime tena Novemba.
Kalamu ikagoma katikati ya Novemba, akaitikisa.

Mehtap alikuwa kwenye benchi la korido, anakula simiti,
ufuta umemganda kwenye mdomo.
"Nimepona?"
Nilitaka kusema ndiyo. Nilitaka kweli.
"Umeanza," nikasema, na neno likanikaa vibaya kinywani.

Jioni wenzangu walipoondoka
nikajifunga mpira mwenyewe, kwa meno.
Nina miaka hamsini na mmoja.
Nilinyoa kidevu gizani tangu shule,
nikaolewa, nikarudishwa, nikaambiwa mimi mti mkavu,
na katika miaka yote hiyo, katikati ya vichupa maelfu,
hakuna aliyenigeuzia swali.

Cha sabini na tatu sikukiandika jina.
Nilikishika tu.
Kilikuwa na joto.